Maswali ya Wasomaji: Kuipa Picha ya Kidijitali Sura ya Mkanda

Barua za toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: picha ya kidijitali ifanyweje ionekane imepigwa kwa mkanda? Tumeziweka pamoja. Vipimo vya ukungu (kufifisha picha, Blur) na chembe (nukta ndogo za mkanda, Grain) tunavyovitaja ni vya picha yenye piseli 2000 upande mrefu. Yako ikiwa na 4000, zidisha kipimo cha ukungu mara mbili. Nambari za toni ni za 0 hadi 255, ambapo 0 ni weusi kamili na 255 ni weupe kamili.

Ndugu wahariri, salaam. Kila filta ya "zamani" ninayoiweka kwenye simu inaipa picha rangi ya njano na kingo nyeusi. Nikiilinganisha na albamu ya nyumbani, hazifanani hata kidogo. Ninakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Kosa si lako peke yako. Filta moja hubeba mambo matatu yasiyo ndugu: jinsi mkanda ulivyopokea mwanga, udhaifu wa kamera ya bei ndogo, na uchakavu wa karatasi. Picha iliyosafishwa mwaka 1975 haikutoka studio ikiwa ya njano. Kwa hiyo amua kwanza: unataka picha kama ilivyokuwa siku ile inatoka kusafishwa, au kama ilivyo leo baada ya kulala kwenye albamu miaka hamsini? Ukishaamua, kazi inakuwa nyepesi, maana kila hatua ina sababu yake.

Tuanze na picha mpya. Fungua mstari wa toni, ule ambao programu nyingi huuandika Curves. Ncha ya chini kushoto ipandishe kutoka 0 hadi 18 au 20. Ncha ya juu kulia ishushe kutoka 255 hadi 244. Kisha tia nukta mbili: ya 64 ishushe hadi 58, na ya 190 ipandishe hadi 197. Utapata herufi S iliyobanwa juu na chini. Sababu ni hii: weusi wa karatasi ya picha si weusi kamili, kwa kuwa uso wa karatasi hurudisha mwanga kidogo hata penye rangi nzito kabisa. Na negativu, yaani mkanda ambao penye mwanga huwa giza na penye giza huwa mwanga, huupokea mwanga mkali taratibu, ikiuelekea weupe polepole, ilhali kihisi cha kamera ya kidijitali hufika kikomo na kukatika ghafla. Wingu lililoungua kwenye picha ya simu haliokolewi na filta yoyote. Dawa yake ni wakati wa kupiga: punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu moja (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), kisha vivuli uvipandishe wakati wa kuhariri. Kamera yako ikiruhusu faili ghafi, yaani RAW, piga kwa faili ghafi. JPEG, faili ya kawaida ya picha, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na ukiivuta sana anga hupasuka mistari mistari.

Sasa picha ya albamu. Picha ya rangi ya karatasi ina rangi tatu: sayani (bluu-kijani), majenta (nyekundu-zambarau) na njano. Katika karatasi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 sayani ilikuwa dhaifu, ikichuja hata ndani ya albamu iliyofungwa. Kazi ya sayani ni kumeza wekundu. Ikitoweka, wekundu hujitokeza, hasa kwenye vivuli. Bila shaka albamu yako ya nyumbani imeelekea wekundu wa matofali kuliko njano. Picha ya kidijitali ina mikondo mitatu (Channels): nyekundu, kijani na bluu. Basi nenda kwenye mkondo wa rangi nyekundu peke yake, pandisha ncha ya chini hadi 40. Kijani na bluu zipandishe hadi 20 hivi. Karatasi yenyewe nayo huota umanjano, kwa hiyo kwenye mkondo wa bluu shusha ncha ya juu hadi 230. Hapo umeiga kilichotokea kweli. Picha iliyotundikwa ukutani huchuja kwa njia nyingine, kwa kuwa mwanga wa dirisha hula majenta na njano pia. Hiyo ishushie kontrasti yote badala ya kuisukuma upande mmoja.

Kuhusu kingo nyeusi: lenzi ya bei ndogo kweli hupoteza mwanga pembeni, lakini giza hilo liliingia kwenye mkanda kabla picha haijasafishwa. Wewe ukilitia mwisho, baada ya kupandisha weusi hadi 20, pembe zinarudi kuelekea 0, na jicho linashtuka mara moja. Tia giza la pembeni kwanza, mstari wa toni baadaye. Kwenye programu ya kuhariri iitwayo Lightroom, kati ya −12 na −20 inatosha, na upana wa kufifia uwe mkubwa.

Hamjambo. Tunapiga picha za harusi. Wateja wanataka "rangi za miaka ya sabini", lakini ngozi zinatoka ama kijivu kama majivu, ama chungwa. Shela nayo inakuwa kama maziwa yaliyoungua. (Wasomaji wawili, Mombasa)

Swali hili tunalipa uzito kuliko mengine, kwa sababu lina historia. Kwa miaka mingi maabara za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Watu weusi walipigwa picha kwa mikanda, na picha zao zikasafishwa kwa vipimo, visivyowafikiria, na mengi ya "mapungufu ya zamani" tunayoyaona kwenye nyuso za wazee wetu yalitoka hapo. Hakuna haja ya kuliiga kosa hilo. Filta ya tayari iliyopimwa kwa ngozi nyeupe pekee italirudia kwenye uso wa bibi harusi wako bila kukuuliza.

Ukijivu unatoka hivi. Ngozi ya kahawia, kwa macho ya kompyuta, ni chungwa lililo gizani. Filta inatia bluu kwenye vivuli ili kuleta ule ubaridi wa mkanda. Bluu juu ya chungwa huzaa kijivu. Kwa mtu mweupe bluu hiyo inaangukia nywele na koti. Kwa mtu mweusi inaangukia shavu. Kwa hiyo bluu iishie kwenye toni za chini ya 40 tu: kwenye mkondo wa bluu pandisha ncha ya chini hadi 14, kisha tia nukta kwenye 45 na uirudishe mahali pake, na nyingine kwenye 128 ili mstari usicheze.

Uchungwa unatokana na kinyume chake, yaani kuongeza joto la picha nzima. Punguza joto, halafu nenda kwenye udhibiti wa rangi mojamoja (HSL) na ushughulike na chungwa peke yake: ung'avu (Luminance) +8 hadi +12, ukolezi (Saturation) uache au ushushe kwa 5, na mwelekeo wa rangi (Hue) usogeze kidogo sana upande wa nyekundu, si wa njano. Pima kwa kidonoa rangi (Eyedropper) kwenye shavu, si kwenye paji la uso linalong'aa. Nyekundu iwe juu, kijani katikati, bluu chini, kwa mfano 122, 82, 60. Bluu ikiukaribia kijani, ngozi imeshakuwa majivu hata kama kioo chako kinakudanganya.

Shela ibaki kati ya 232 na 244, na bluu isiwe chini ya nyekundu kwa zaidi ya nukta 8 au 10. Fanya majaribio kwa picha moja tu yenye vyote: shela, suti nyeusi, hina, na nyuso za rangi tofauti. Ikikubali pale, ndipo uimwage kwa picha nyingine mia sita.

Nataka picha ya mama yangu ifanane na zile za studio za zamani za hapa mjini, nyeusi na nyeupe. Nimeondoa rangi na kujaza chembe, lakini haifanani. (Msomaji, Unguja)

Ondoa chembe kwanza. Studio za picha za watu, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, hazikupata sifa zake kwa mikanda midogo ya mtaani. Studio nyingi za zama hizo zilitumia negativu kubwa. Negativu ya sentimita 6 kwa 6 ina eneo la takriban mara tatu na nusu kuliko ile ya milimita 24 kwa 36, kwa hiyo haikukuzwa sana na chembe hazikuonekana. Kinachozipa picha hizo sura yake ni toni laini, mandhari ya nyuma iliyofifia, na mwanga wa taa kubwa moja iliyo juu kidogo ya uso, na ya pili dhaifu ya kupunguza kivuli. Mama akae karibu na dirisha lenye pazia jepesi, na upande wa pili uweke shuka jeupe mita moja kutoka kwake. Hilo litafanya kazi kuliko programu yoyote.

Kisha usiondoe rangi kwa kitufe. Tumia kichanganya mikondo (Channel Mixer) na uamue kila rangi itoe kiasi gani cha mwanga. Mikanda ya kale iitwayo othokromatiki haikuiona nyekundu kabisa; midomo na ngozi ya kahawia zilitoka nyeusi kupita ukweli. Ukitaka kuiga hiyo, nyekundu 0, kijani 60, bluu 40, lakini hatukushauri kwa uso wa mama. Kwa ngozi nyeusi anza na nyekundu 50, kijani 40, bluu 10. Mkondo wa nyekundu ndio unaobeba mwanga wa ngozi, nao hufuta madoa madogo pasipo kulainisha kwa brashi. Jumla ibaki 100, la sivyo picha nzima inang'aa au inazama.

Kuna jambo la rangi ya kahawia ambalo wengi hulichanganya. Sepia ya kweli ilitokana na kemia: fedha ya picha iligeuzwa kuwa salfidi ya fedha, hivyo sehemu zenye giza ndizo zilizokuwa kahawia, na karatasi ingeweza kubaki nyeupe. Karatasi iliyozeeka ni kinyume: weupe umekuwa krimu, weusi umebaki mweusi. Ukipaka kahawia moja juu ya yote kama filta zinavyofanya, unapata kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Chagua kimoja. Kwa sepia, tia tabaka (Layer) la rangi 112, 66, 20 kwa namna ya kuchanganya (Blend mode) ya rangi pekee (Color), nguvu asilimia 30, kisha ulifute kwenye sehemu zenye mwanga. Malizia kwa ukingo mweupe wa milimita 5 ukichapa sentimita 10 kwa 15.

Nikiweka chembe kwenye kompyuta zinapendeza. Nikituma WhatsApp zinageuka matope. Kwa nini? (Msomaji, Morogoro)

Mambo mawili yanazila. La kwanza ni kupunguza ukubwa: piseli nne zikiwa moja, chembe zinapigwa wastani na kutoweka. La pili ni mbano wa JPEG, ambao huona chembe kama takataka zisizo na maana na kuzifuta kwa vipande vya mraba wa piseli 8 kwa 8. Ndiyo matope unayoyaona.

Kwa hiyo chembe ziwe hatua ya mwisho kabisa, baada ya kufikisha picha kwenye ukubwa itakayoonekana: piseli 1080 upana kwa Instagram, au 1200 kwa 1800 kwa karatasi ya inchi 4 kwa 6. Kwenye WhatsApp itume kama hati, isibanwe.

Namna ya kuzitengeneza kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni bure: fungua tabaka jipya, lijaze kijivu cha 128, 128, 128. Ingia Filters, kisha Noise, kisha RGB Noise. Ondoa tiki ya Independent RGB ili chembe zisiwe za rangirangi, na kiasi kiwe 0.2. Kisha zififishe kwa ukungu wa Gauss (Gaussian Blur) wa piseli 0.6. Usiruke hatua hii. Chembe za mkanda huonekana kama mafungu yenye kingo laini. Piseli mojamoja kali ni sura ya kihisi kibovu. Namna ya kuchanganya iwe Soft light, nguvu asilimia 40. Namna hiyo huzipunguza zenyewe kwenye weusi na weupe kamili na kuziacha kwenye toni za kati, ambako jicho huziona zaidi kwenye mkanda pia. Chembe kiasi zina faida nyingine: zinaficha ile mistari ya anga tuliyoitaja.

Ukubwa wa chembe ufuate mkanda unaouiga. Tri-X, mkanda mweusi na mweupe wa Kodak wa ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa mkanda kupokea mwanga), ina chembe dhahiri. Mkanda wa ISO 100 karibu hauna. Na ukipunguza ukali wa picha yenyewe kidogo, ukungu wa 0.7, kabla ya kutia chembe, utaondoa zile kingo zenye mstari mweupe ambazo simu huzichora.

Ule mng'ao mwekundu kuzunguka taa za usiku unatoka wapi, na nauwekaje? (Msomaji, Nairobi)

Mkanda wa rangi una matabaka: linalopokea bluu liko juu, la kijani katikati, la nyekundu chini karibu na plastiki. Mwanga mkali hupenya yote, hugonga sehemu ya nyuma na kurudi, na tabaka la kwanza kukutana nalo ni la nyekundu. Mikanda ya kawaida ina kinga ya kuuzuia. Mkanda wa sinema wa Kodak kwa miaka mingi ulikuwa na tabaka jeusi la kaboni nyuma, na CineStill 800T ni mkanda wa sinema uliouzwa tabaka hilo likiwa limeondolewa. Ndiyo maana taa zake zina pete nyekundu.

Nakili picha kwenye tabaka jipya. Kwenye viwango vya toni (Levels), vuta alama ya weusi hadi 215 ili zibaki taa tu. Fifisha kwa ukungu wa piseli 20. Lipake rangi 255, 70, 20. Namna ya kuchanganya Screen, nguvu asilimia 35. Kosa la kawaida ni kuuacha mng'ao kwenye shati jeupe au anga la mchana. Pete huonekana pale tu mwanga mkali unapopakana na giza, kwingine futa.

Niko Muscat. Naipenda Kodachrome. Filta niliyoinunua inaipa picha weusi wa kijivu na rangi zilizopauka. Ndivyo ilivyokuwa? (Msomaji, Oman)

Hapana. Kodachrome, mkanda wa rangi wa Kodak, ilianza kuuzwa mwaka 1935, ikaachwa kutengenezwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho kuisafisha, iliyoko Parsons, Kansas, ilifunga kazi hiyo mwishoni mwa 2010. Ilikuwa slaidi ya kutazamwa kwa projekta, si negativu ya kuchapwa. Weusi wake ni mzito, kontrasti kubwa, chembe kidogo sana, na ikihifadhiwa gizani hudumu kuliko mikanda mingi ya rangi. Sura iliyochuja si yake.

Kwa hiyo usipandishe weusi hata nukta moja. S ya mstari wa toni iwe na mteremko zaidi: 64 hadi 50, 190 hadi 203. Nyekundu: ukolezi +10, ung'avu −10. Bluu: ung'avu −15. Kijani: ukolezi −15. Piga jua likiwa upande, mwanga uwe mkali. Siku ya mawingu haitakupa Kodachrome hata ufanyeje.

Ukitaka njia ya haraka, RawTherapee ni programu ya bure inayosoma majedwali ya rangi yaitwayo HaldCLUT, yakiwemo ya kuiga mikanda. Pakua mkusanyo, uonyeshe programu folda yake kwenye mipangilio, kisha weka nguvu kati ya 50 na 70. Rekebisha mwanga na weupe wa picha kabla, kwa kuwa jedwali hubadili rangi kama lilivyozikuta. Chembe na mng'ao halitakupa.

Tarehe ya rangi ya chungwa, mikwaruzo na mwanga uliovuja: vipi visionekane vya kubandika? (Msomaji, Dodoma)

Tarehe ni ya kamera ndogo za miaka ya 1980 na 1990. Usiiweke kwenye picha uliyoipa sura ya 1965. Pembe ya chini kulia, tarakimu za vipande saba kama za saa ya kidijitali, rangi 255, 120, 40, ukungu wa piseli 1, Screen. Na picha ya tukio la kweli isipewe tarehe ya uongo. Kesho itasambaa bila maelezo yako na mtu ataichukua kama ushahidi.

Vumbi kwenye negativu huzuia mwanga wakati wa kuchapa, kwa hiyo kwenye picha ni jeupe. Mikwaruzo ya upande wa plastiki pia huwa myeupe. Iliyokwangua upande wa picha huwa myeusi. Iende sambamba na urefu wa mkanda, maana ndiko mkanda unakovutwa. Mwanga uliovuja kwa nyuma ya kamera hugusa tabaka la nyekundu kwanza, ndiyo sababu ni wa chungwa. Uanzie ukingoni na kuingia ndani, usielee katikati.

Sina kompyuta. Simu peke yake inatosha? (Msomaji, Kigoma)

Inatosha kwa mengi. Zima HDR, yaani simu kuunganisha picha kadhaa ili kusawazisha mwanga, kabla ya kupiga, kwa sababu huvifuta vivuli ambavyo mkanda ungeviacha. Tumia Snapseed, ambayo ni bure: giza la pembeni kwanza, kisha Curves kwa vipimo vya jibu la kwanza, na mwisho Grainy Film, lakini shusha nguvu ya rangi yake uache chembe. Ukitaka sura ya sherehe za miaka ya tisini, piga kwa flashi ya moja kwa moja hata mchana, umbali wa mita mbili hivi, na mtu asimame karibu na ukuta ili kivuli chake kikali kionekane nyuma yake.